Kaa wa Bahari Nyeusi: nyambizi hutegaje mabomu, na ipi ilikuwa ya kwanza?

Machi 2022, mwezi mmoja tu baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, mabomu ya majini yalionekana yakielea karibu na mlango wa Bosphorus, upande wa Bahari Nyeusi. Jingine likaonekana pwani ya Romania. Wanamaji wakayategua, picha zikasambaa, na mjadala ukaanza. Tangu siku hizo, kila habari inapotaja bahari iliyotegwa mabomu, maswali yanayorudi ni yaleyale. Je, ni nyambizi zilizoyatega? Nyambizi inawezaje kutoa bomu nje bila maji kuingia ndani? Na mbona halilipuki palepale likaua waliolitega?

Wanaojibu mara nyingi huongeza fundo juu ya fundo. Mmoja atasema Wajerumani ndio walioanza, mwingine atasema Warusi, na wote wawili watakuja na tarehe. Jambo la ajabu ni kwamba wote wawili wana haki kiasi.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko inatoka huko. Manowari ni meli yoyote ya kivita. Nyambizi ni chombo kinachozama kwa hiari yake na kuibuka kwa hiari yake. Hayo maneno "kwa hiari yake" ndiyo yanayobeba mzigo wote, kwa sababu kuzama tu hata jiwe linaweza. Topido ni silaha inayokimbia: ina injini yake, ina rafadha yake, inashika njia iliyoelekezwa mpaka igonge kitu au iishiwe nguvu. Bomu la kutega halikimbii popote. Hukaa likasubiri, na jina lake la Kiswahili linatosha kulieleza, kwamba ni mtego. Mtegaji akishatega huondoka zake, na mtego haujui kuchagua anayenaswa.

Nyambizi ya kutega mabomu, basi, ni chombo kinachokwenda kwa siri hadi mlangoni kwa adui, kikaacha mitego pale, kikarudi kwa siri vilevile. Meli inapolipuka wiki moja baadaye, nyambizi iko bandarini kwake na mabaharia wake wanafua nguo.

Chelezo kisichotakiwa kuonekana

Aliyewahi kuvua kwa mshipi ana picha nzima kichwani tayari. Juu kuna chelezo, chini kuna chubwi, katikati kuna uzi. Bomu la kutega la zama za Vita vya Kwanza vya Dunia lilikuwa hivyo hivyo. Chelezo chake ni mpira wa chuma uliojaa vilipuzi na hewa, hewa ya kutosha kuufanya utake kupanda juu muda wote. Chubwi lake ni kasha zito la chuma linalokaa sakafuni mwa bahari kama nanga. Uzi wake ni waya imara uliozungushwa ndani ya kasha hilo.

Tofauti na ya mvuvi ni kwamba chelezo hiki hakitakiwi kuonekana. Kinatakiwa kubaki mita chache chini ya uso wa maji, kina cha kutosha kufichika lakini kisichozidi tumbo la meli. Hapa watu wengi huuliza swali zuri: bomu linajuaje bahari ina kina gani pale lilipoangukia?

Halijui, wala halihitaji kujua. Njia mojawapo iliyotumika sana inafurahisha kwa wepesi wake. Chini ya kasha la nanga huning'inizwa kipande cha risasi, yale madini mazito, kwenye kamba fupi, tuseme ya mita tatu. Bomu na kasha vikitupwa majini, mpira hubaki juu na kasha huanza kushuka huku likiachia waya. Kile kipande cha risasi kinatangulia kugusa sakafu, kamba yake inalegea, na kule kulegea kunafunga roda ya waya. Waya haiachiwi tena. Lakini kasha bado liko mita tatu juu ya sakafu, kwa hiyo linaendelea kushuka, na katika kushuka huko linauvuta mpira chini mita tatu zilezile. Ukitaka bomu lifichike mita tano, funga kamba ya mita tano. Bahari iwe na kina cha mita kumi au hamsini, hesabu haibadiliki.

Juu ya mpira zipo pembe. Hizo ndizo zilizoyapa mabomu haya sura ya kutisha inayojulikana. Kila pembe ilifunikwa kwa risasi, madini laini yanayopindika, na ndani yake kulikuwa na kichupa cha kioo chenye tindikali. Meli ikiigonga pembe, risasi hupinda, kioo huvunjika, tindikali humwagikia kwenye betri iliyokuwa kavu, umeme huzaliwa hapo hapo na kuwasha kilipuzi. Betri kavu haizeeki kwa haraka, na ndiyo maana mabomu ya namna hii yaliweza kukaa baharini miaka mingi yakiwa bado na sumu yake.

Sasa lile suala la kuelea. Bomu la kutega la aina hii halikutengenezwa lielee ovyo. Linapoonekana likielea, kwa kawaida maana yake waya umekatika, kwa dhoruba, kwa kutu au kwa kukwanguliwa. Mkataba wa Hague wa 1907 ulilizungumzia jambo hili waziwazi: bomu lililofungwa nanga linapaswa kupoteza makali mara tu linapokatika, na bomu lisilo na nanga linapaswa kufa ndani ya saa moja tangu litoke mikononi mwa mtegaji. Mkataba ni karatasi, na springi ya bomu iliyoshika kutu haisomi karatasi. Ukiliona linaelea, usifikiri limekufa.

Shida si bomu, ni uzito

Meli ya kawaida hutega mabomu kirahisi. Yamepangwa kwenye reli juu ya sitaha, mabaharia wanayasukuma hadi tezi, yaani nyuma ya meli, yanaanguka moja baada ya jingine. Meli ikipungua tani hamsini inapanda juu kidogo, na hakuna anayejali.

Nyambizi iliyozama haina anasa hiyo. Ikiwa chini ya maji imekaa kwenye mizani isiyo na upande: uzito wake wote ni sawasawa na uzito wa maji iliyoyasukuma kando. Ikizidi kidogo inazama, ikipungua kidogo inapanda. Chukua chupa yenye kizibo, uitie maji kidogo kidogo mpaka ifike mahali haizami wala haielei, inaning'inia tu katikati ya ndoo. Ukifanikiwa, ongeza kijiko kimoja cha maji uone. Mabaharia wa nyambizi huishi kwenye kijiko hicho.

Kinachowasaidia ni farumi. Mabaharia wa majahazi wanalijua neno hili: ni mawe au mchanga unaowekwa chomboni kikiwa kitupu ili kisipinduke. Nyambizi hutumia maji ya bahari yenyewe kuwa farumi. Ina matangi, ikitaka kuzama inayajaza, ikitaka kuibuka inayafukuza maji kwa hewa iliyoshindiliwa. Na ina matangi mengine madogo, omo (mbele) na tezi na katikati, ya kusawazisha. Wahenga walisema ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye nyambizi msemo huo una ukweli wa kifundi kabisa, kwani yote huamuliwa na maji yaliyomo ngamani, yaani tumboni mwa chombo.

Sasa weka mabomu. Bomu moja la wakati ule pamoja na nanga yake lilikuwa na uzito wa mamia ya kilo. Ukilitoa, nyambizi inakuwa nyepesi kwa kiasi hicho ghafla, na inataka kuchomoza juu ya maji mbele ya macho ya adui. Zaidi ya hapo, bomu linatoka sehemu moja, siyo kila mahali. Fikirini mko watu wanne kwenye mtumbwi na aliyekaa nyuma kabisa aruke majini bila kuaga. Mtumbwi hauwi mwepesi tu, unainua tako na kuinamisha kichwa. Nyambizi ikifanya hivyo mara moja, nahodha anaweza kusawazisha. Ikifanya mara sitini, kila baada ya sekunde kadhaa, gizani, karibu na ngome za adui, hiyo ni habari nyingine.

Swali la "bomu litatokaje bila maji kuingia" ndilo huulizwa zaidi, nalo ndilo jepesi zaidi. Wabunifu wa mwanzo walilijibu kwa kutoyaweka mabomu ndani. Swali la uzito ndilo lililokula miaka.

Fundi wa Port Arthur

Mwaka 1904 Urusi na Japani zilikuwa vitani, na bandari ya Port Arthur, ngome ya Warusi huko Uchina, ilikuwa imezingirwa na Wajapani. Aprili 13, manowari kubwa ya Kirusi Petropavlovsk ililipukia mabomu yaliyotegwa na Wajapani ikazama na Admirali Makarov ndani yake, pamoja na mchoraji maarufu Vereshchagin aliyekuwa amealikwa. Mwezi mmoja baadaye Warusi walilipa. Meli yao ya kutega mabomu, Amur, ilitumia ukungu kwenda kutega kwenye njia ambayo Wajapani walizoea kupita kila siku. Kesho yake, Mei 15, Japani ilipoteza manowari mbili kubwa, Hatsuse na Yashima, kwa siku moja.

Port Arthur wakati huo alikuwepo fundi wa ujenzi aliyeitwa Mikhail Naletov. Hakuwa mwanamaji. Alichokiona ni kwamba Amur ilifanikiwa kwa sababu ya ukungu. Siku isiyo na ukungu ingepigwa mizinga kabla ya kumwaga bomu la kwanza. Je, kama chombo chenyewe kingebeba ukungu wake, yaani kingejificha chini ya maji? Akaanza kujenga nyambizi ndogo pale pale, ndani ya bandari iliyozingirwa. Port Arthur iliposalimu amri Januari 1905, kazi haikuwa imekamilika, na chombo kikaharibiwa kisiangukie mikononi mwa Wajapani.

Naletov hakuliacha wazo. Mwishoni mwa 1906 aliwasilisha michoro kwa jeshi la wanamaji. Ikarudishwa, ikarekebishwa, ikapelekwa tena, na kila mzunguko chombo kikanenepa. Mkataba ulipatikana 1908 na kiwanda cha meli cha Nikolayev, pwani ya Bahari Nyeusi. Nyambizi ikapewa jina Krab, yaani kaa. Ilishushwa majini Agosti 1912, na ilianza kazi 1915. Miaka saba tangu mkataba! Kwa haki, wajenzi walikuwa wanajenga kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijenga. Kwa haki pia, urasimu wa makao makuu ulichukua sehemu yake, na Naletov mwenyewe alisukumwa pembeni kabla chombo chake hakijamalizika.

Krab ilikuwa na urefu wa karibu mita 53 na uzito wa zaidi ya tani 500 ikiwa juu ya maji. Juu ya mwili wake wa chuma, chini ya sitaha, kulikuwa na mirija miwili mirefu iliyoelekea tezi, na ndani yake mabomu 60 yamepangwa kwenye reli kama mabehewa. Mirija hiyo ilikuwa wazi kwa bahari. Maji yaliingia na kutoka, na mabomu yalilowana tangu nyambizi inapozama. Mhimili wenye ringi, mfano wa skrubu ndefu inayozungushwa na mota ya umeme, uliyasukuma mabomu nyuma taratibu, moja likitoka jingine likasogea.

Na uzito? Hapa ndipo Naletov anapostahili heshima yake. Alibuni bomu ambalo, likiwa pamoja na nanga yake, lina uzito sawa na maji linayoyasukuma. Ndani ya maji halina uzito. Halizami, halielei, kama ile chupa kwenye ndoo. Kwa hiyo likitoka, nyambizi haihisi chochote, kwa sababu nafasi iliyobaki wazi inajazwa na maji ya uzito uleule. Badala ya kumfanya nahodha akimbizane na matangi mara sitini, aliiondoa shida ndani ya bomu lenyewe. Likishatoka nje, sehemu tupu ya nanga hujaa maji, likawa zito, likashuka kama bomu lingine lolote.

Sina hakika kama ipo njia nzuri zaidi ya kumweleza mtu mhandisi ni nani. Wengine wote walitazama nyambizi. Yeye alitazama mzigo.

Krab haikuwa chombo kizuri kwa jumla, tusidanganyane. Juu ya maji iliendeshwa na injini nne za mafuta ya taa, chini ya maji na mota za umeme zenye kutegemea betri, kama nyambizi zote za wakati ule. Ilikuwa nzito kugeuka na haikuwa na haraka ya kuzama. Lakini kazi iliyojengewa iliweza.

Nani alitangulia?

Julai 1915 Krab iliondoka Sevastopol, bandari ya Warusi kwenye Bahari Nyeusi, ikiwa na mabomu 58, ikaelekea Bosphorus, mlango wa Istanbul. Jioni moja, kwa muda usiozidi saa, iliyamwaga mbele ya mlango huo. Siku chache baadaye, Julai 18, meli ya kivita Breslau, ya Kijerumani lakini ikipeperusha bendera ya Kiosmani kwa jina Midilli, iligonga bomu pale nje. Haikuzama. Iliingiwa na mamia ya tani za maji, ikapoteza watu wanane, ikajikokota hadi bandarini na kukaa nje ya vita kwa takriban miezi saba. Kwa mabomu 58 na bila risasi hata moja kufyatuliwa, si haba.

Basi Krab ndiyo ya kwanza? Ngoja kwanza.

Ujerumani iliagiza nyambizi zake za kutega mabomu mwishoni mwa 1914, vita vikiwa vimeshaanza. Ziliitwa UC. Zilikuwa vidude, mita 34 tu, mabaharia 14, hazina topido hata moja. Zingeweza kuvunjwa vipande zikapakiwa kwenye treni, na baadhi zilisafirishwa hivyo hadi pwani ya Ubelgiji na hadi Pola kwenye Bahari ya Adria. Mei 31, 1915, UC-11 ilitega mabomu karibu na fungu la Goodwin, pwani ya Uingereza. Hiyo ni wiki kadhaa kabla ya Krab kuondoka Sevastopol.

Kwa hiyo ukiuliza ni nyambizi ipi ya kwanza iliyobuniwa na kuanza kujengwa kwa kazi ya kutega mabomu, jibu ni Krab. Ukiuliza ipi ya kwanza iliyotega mabomu vitani, jibu ni UC-11. Wanaobishana hawabishani juu ya ukweli, wanajibu maswali mawili tofauti. Na kuna kichochezi kingine: Urusi wakati huo ilifuata kalenda ya zamani, iliyo nyuma kwa siku 13. Siku ambayo kwa wengine ilikuwa Julai 8, kwa Warusi ilikuwa Juni 25. Ukichanganya kalenda mbili kwenye mjadala mmoja, meli zinaweza kufika kabla ya kuondoka.

Wapo wanaosema Wajerumani waliiba wazo la Krab. Dai hili lina mvuto, ila si lazima. Kila aliyewaza kutega bandari ya adui inayolindwa angefika kwenye nyambizi mapema au baadaye. Na ukitazama ufundi, UC hazifanani na Krab. Hazina mirija ya ulalo wala reli. Zilikuwa na visima sita vilivyosimama ndani ya mwili, vikiinama kidogo kurudi nyuma, kila kimoja na mabomu mawili, jumla 12. Visima vilikuwa wazi juu na chini, vimejaa maji. Kishikio kikiachiwa, bomu linadondoka moja kwa moja chini, nyambizi inasonga mbele.

Ujinga wa mpango huu ulikuwa mmoja mkubwa: kina cha bomu kilipaswa kupangwa kabla ya kutoka bandarini, maana baharini mkono wa baharia haungeweza kulifikia tena. Nahodha aliyekuta kina tofauti na alichotarajia hakuwa na la kufanya. Lakini zilikuwa rahisi, zilijengwa kwa miezi, na hazikuhitaji miaka saba.

Halafu kuna muda wa kungoja. Hili ndilo jibu la swali la "mbona halilipuki palepale". Bomu la UC liliposhuka lilitua sakafuni zima zima, mpira na nanga. Kilichoushikilia mpira ni kizibo cha kitu kinachoyeyuka majini, kama sukari guru au chumvi iliyoshindiliwa inavyoyeyuka. Kizibo kinayeyuka polepole, nyambizi inaenda zake, kisha mpira unaachiwa na kupanda hadi kina chake. Dakika hizo za kuyeyuka ndizo uhai wa mabaharia.

Na hazikutosha siku zote. Machi 1916, UC-12 iliangamizwa na mabomu yake yenyewe nje ya Taranto, Italia. Waitalia waliinyanyua na kugundua jambo la aibu ya kidiplomasia: nyambizi ilikuwa ya Kijerumani, ikitega bandari ya Italia, wakati Italia na Ujerumani zilikuwa bado hazijatangaziana vita. Waliitengeneza na kuitumia wenyewe. Haikuwa pekee kuangukia mtego wake. Kati ya hatari zote za kazi hii, kubwa ilikuwa mzigo.

Uingereza kwa upande wake haikujua mwanzoni kinachoendelea. Mabomu yalikuwa yanaibuka mahali ambapo hakuna meli ya adui iliyoonekana. Julai 1915 meli ndogo ya mizigo ilikanyaga kitu nje ya Great Yarmouth. Wapiga mbizi waliposhuka walikuta UC-2 imelala pale, na visima vyake vikaeleza yote.

Aliyejua na asiyejua

Hapa ndipo uvumi huzaliwa. Juni 5, 1916, manowari Hampshire iligonga bomu magharibi ya visiwa vya Orkney ikazama. Ndani yake alikuwemo Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, akielekea Urusi. Waliokufa ni zaidi ya 700. Walionusurika ni 12. Mpaka leo utasikia kwamba Wajerumani walipewa siri ya safari yake, kwamba kulikuwa na msaliti, hata kwamba Kitchener hakufa.

Tazama mtego unavyofanya kazi na uvumi unalegea. Mabomu yale yalitegwa na nyambizi U-75 mwishoni mwa Mei, wiki moja kabla. Yalitegwa kwa ajili ya meli za kivita za Uingereza zinazotoka kituo cha Scapa Flow, kama sehemu ya maandalizi ya mapigano makubwa ya meli yaliyotokea Jutland siku chache baadaye. Hampshire ilipitishwa upande wa magharibi kwa sababu ya dhoruba. Nahodha wa nyambizi hakuhitaji kumjua Kitchener, kama mtego wa panya usivyohitaji kujua jina la panya.

Britannic nayo, dada yake Titanic, ikiwa meli ya hospitali, ilizama karibu na kisiwa cha Kea, Ugiriki, Novemba 21, 1916. Watu 30 walikufa, na zaidi ya 1,000 waliokolewa. Kwa miaka mingi watu walibishana kama ilipigwa topido. Mabomu pale yalikuwa yametegwa na U-73 wiki kadhaa kabla. Tofauti hii ina uzito wake kisheria: kuipiga topido meli ya hospitali ni uamuzi wa mtu anayeiona kwa periskopu, bomu la kutega haliangalii msalaba mwekundu uliochorwa ubavuni.

U-73 na U-75 zilikuwa za aina moja, kubwa kuliko UC, na zilikuja na jibu la tatu la shida ya uzito. Mabomu yao, 34, yalikaa makavu ndani ya mwili wa nyambizi, yakitolewa kwa mirija miwili ya tezi. Faida ni kwamba mabaharia waliweza kuyagusa na kupanga kina baharini. Gharama ni kwamba kila bomu likitoka, maji ya uzito uleule lazima yaingizwe mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa. Wamarekani waliifuata njia hii ya mabomu makavu mpaka mwisho wake kwa Argonaut, iliyokamilika 1928 ikiwa na mabomu 60 na mtandao wa matangi na mabomba ya kufidia uzito, mzito kuuelewa hata kwa waliouendesha. Haikuwahi kutega bomu hata moja vitani. Agosti 1942 ilitumiwa kubeba askari kwenda kushambulia kisiwa cha Makin, na Januari 1943 ilizamishwa na Wajapani.

Baadaye wabunifu walifanya kile ambacho labda kingefanywa tangu mwanzo: waliyafinyanga mabomu yafanane na topido kwa umbo, yatoke kwenye mirija ileile ya topido. Mirija hiyo tayari ina mlango wa ndani na wa nje, na matangi ya kufidia uzito yapo tayari kwa ajili ya topido. Tangu hapo karibu nyambizi yoyote yenye mirija inaweza kutega mabomu ikitaka, na aina maalumu ya kutega ikapoteza sababu ya kujengwa.

Krab yenyewe ilitumwa tena Bosphorus mwaka 1916, kisha Varna, pwani ya Bulgaria. Aprili 1919, katika vurugu za vita vya wenyewe kwa wenyewe Urusi, ilizamishwa kwa makusudi karibu na Sevastopol, ikanyanyuliwa 1935 ikiwa chuma chakavu. Naletov alifariki Leningrad 1938.

Anayetaka kuona kwa macho jinsi kitu hiki kilivyokuwa anaweza kwenda Tallinn, Estonia. Kwenye ukumbi wa makumbusho ya bahari, ndani ya jengo la zamani la ndege za majini, imewekwa nyambizi Lembit, iliyojengwa Uingereza 1936 na iliyotega mabomu katika Vita vya Pili ikiwa mikononi mwa Wasovieti. Ilikaa majini hadi 2011. Imeinuliwa kiasi kwamba unaweza kuitazama ubavuni, na pale ubavuni vipo visima vyake, vilivyosimama wima vikiwa wazi kwa bahari, mahali pa mabomu 20.